Mwisho wa Mama, Kama Ulivyosomwa Redioni

Kutoka Lubumbashi hadi Kamina treni yetu ilitumia siku tano. Mbili kati ya hizo tulizimalizia mahali pamoja, mbele kidogo ya Luena, tukingoja injini nyingine. Watu walishuka na masufuria, wakawasha makaa kando ya reli, wakasonga bukari, ugali wetu, wakafua nguo na kuzianika juu ya majani. Siku ya pili kulikuwa tayari na ugomvi wa mipaka. Mama mmoja alimshitaki mwenzake kwa kumwaga maji machafu mbele ya nyumba yake, na nyumba yenyewe ilikuwa mkeka na mabegi mawili. Wazee wa behewa waliketi kuamua. Nadhani injini ingechelewa siku tatu zaidi, tungekuwa na chifu.

Mimi nilitazama yote hayo kupitia dirishani. Nilishuka pale tu mwili uliponilazimisha, nikarudi mbio. Tangu utoto sipendi kushuka kwenye treni kabla ya mwisho wa safari yangu, na sababu yake ndiyo iliyonipeleka Kamina.

Nilikuwa na miaka minane. Tulikuwa tunatoka Kalemie kwenda Lubumbashi, mimi, mama, na mdogo wake mama. Treni iliposimama Kamina nililia kiu. Nakumbuka nililia kwa makusudi, kwa sababu mama alikuwa akizungumza na mdogo wake na mimi nilitaka anitazame. Alichukua bidoni, dumu letu la njano, akajifunga vizuri kitenge chake cha kijani, akashuka kutafuta maji. Treni ikaondoka bila yeye. Mama mdogo akaniambia, "Atapanda inayofuata." Hakupanda inayofuata. Baadaye mama mdogo alirudi peke yake hadi Kamina kumtafuta, akakaa wiki tatu, akaja Lubumbashi mdomo umefungwa. Nyumbani kwetu jambo hilo halikuzungumzwa tena. Mama mdogo alikufa bila kuniambia alichokiona au alichokikosa.

Nilimaliza sekondari Likasi, nikajifunza kutengeneza redio, nikaanza kuzunguka. Kolwezi, Dilolo, Moba, Kolwezi tena. Mji nikiuzoea, naanza kukumbuka ule niliotoka, na nikirudi kule naukuta umebadilika, naondoka tena. Nimekuwa hivyo, sijui kuwa vingine. Lakini Kamina nilikuwa naipita tu, treni ikisimama nafumba macho kama mgonjwa anayechomwa sindano. Nilipofika miaka arobaini na moja nilijiambia inatosha. Nilipanda treni na sanduku la vyuma vyangu vya kazi, makaye manne ya kuandikia, na kitabu kimoja.

Makaye yalikuwa na hadithi niliyokuwa naiandika. Mwanamke anashuka kwenye treni kutafuta maji, treni inaondoka. Nilikuwa na kurasa nyingi za kabla ya hapo na sikuwa na hata moja ya baada yake iliyosimama. Nilikuwa nimeandika miisho saba na kuichana yote saba. Nilikwenda Kamina kutafuta wa nane, wa kweli.

Nilipata kibanda karibu na gare, yaani stesheni, ukuta wa mbao, meza moja, dirisha linalotazama reli. Redio, tochi, paneli ndogo za jua, vyote vilipita mikononi mwangu. Na watu wakiniachia vitu vyao nilianza kuuliza, taratibu, kama mtu anayeuliza habari za mvua. Miaka ile, nani alikuwa anauza maji hapa treni ikisimama?

Wote walinielekeza kwa bibi mmoja. Alikuwa ameuza maji na mihogo ya kuchemsha pale gare miaka mingi, tangu akiwa msichana. Sasa alikaa nyuma ya njia ya reli na redio yake ndogo, na miguu iliyomkatalia kutembea mbali. Kila nilipopita nilimsalimu kwa Kiluba kibovu, naye akajibu "Eyo vidye!" kwa sauti kubwa, akicheka matamshi yangu. Siku niliyomuuliza kuhusu kitenge cha kijani na bidoni ya njano, aliacha kucheka.

"Ngoja," alisema. "Ngoja kwanza. Iko mwanamuke mumoja. Treni ilikuwa inaenda, yeye anakimbia nyuma na bidoni mu mukono, anaita mutoto. Aliangukia pale ku majiwe. Minyi nilikuwa na beseni ku kichwa, sikuweza kumuinua mbio."

"Halafu?"

"Halafu usinivute, mutoto yangu. Nitakumbuka polepole. Iko ndugu yangu kule Mulongo, siku ile tulikuwa naye. Atakuja kumaliza matanga ya mukubwa wetu, nitamuuliza."

Nilitoka pale nikishika ukuta. Alianguka, kwa hiyo alikimbia. Kwa miaka thelathini na tatu hakuna aliyewahi kuniambia kwamba alikimbia. Nilikuwa tayari kumngojea bibi mwaka mzima, na ndugu yake wa Mulongo mwaka mwingine.

Wakati nangoja, ndipo meza yangu ilipopata watu.

Wa kwanza alikuwa mama wa mikate. Alikuwa mke wa mwanajeshi, amezaliwa mbali, kule Ekwateri, na mume wake alikuwa ametumwa mashariki. Alikaa kwenye Base, kambi ya jeshi, na watoto, akija mjini kila asubuhi na baiskeli ya kukodi kukaanga mikate mbele ya gare, ile mikate midogo ya mviringo. Alifungia mikate kwenye kurasa za vitabu vya zamani, vilivyotoka kwenye maktaba fulani iliyofungwa. Siku moja nilinunua minne, nikala huku nasoma karatasi, nikafika chini kabisa pale mwanaume ameshika kitasa cha mlango. Nilirudi kwake mbio.

"Mama, ukurasa unaofuata uko wapi?"

"Ule? Ameenda nao papa wa posta, ule karani, na mikate sita."

"Alifungua mlango?"

"Alifungua," alisema, akigeuza mikate kwenye mafuta. "Minyi nasoma yote mbele ya kufunga. Hakukuwa muntu mu nyumba. Kuko tu paka."

Kumbe alikuwa na tabia ya kukataa kufungia kurasa alizozipenda. Mteja akinyoosha mkono kwenye rundo, yeye anampiga vidole: "Ile apana, sijaimaliza!" Mteja mmoja alimwambia afungue shule aache kuuza mikate. Yeye akajibu kwamba shuleni hawakaangi kitu.

Wa pili alikuja kumgombeza. Alikuwa mwalimu wa Kifaransa, mtu wa familia ya zamani ya Kimethodisti pale mjini, baba yake alikuwa karani na babu yake mwalimu. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi hadi mikunjo ikasimama. Alikuja kusema ni aibu kufungia vyakula kwenye vitabu, akatukuta mimi na mama wa mikate tunabishana juu ya yule paka, akauliza paka gani, akakaa. Hakuondoka hadi saa kumi na mbili.

Sauti ya mwalimu yule siwezi kuieleza vizuri. Jumapili yeye ndiye aliyekuwa akisoma masomo kanisani, na watu walisema kwamba hata orodha ya majina ya wagonjwa, akiisoma yeye, unataka iendelee.

Basi tukawa tunakutana kila Jumamosi baada ya saa nane, kwenye meza yangu, kati ya redio zilizofunguliwa matumbo. Kila mmoja alileta vitu viwili: kipande cha kitabu anachokipenda, na kipande cha kile anachoandika yeye mwenyewe. Na kulikuwa na sheria, aliyoileta mwalimu. Mwenye kuandika hasomi. Ukurasa wako unasomwa na mwingine, wewe unakaa kimya unasikiliza.

"Mu kanisa njo vile," alisema. "Mwenye kusoma haiko yeye mwenye kuandika. Ukisoma yako weye mwenyewe, utaibembeleza kama mutoto. Acha mwingine aisome, utaona kama inaweza kutembea."

Ilikuwa kweli. Sijawahi kujifunza kuandika kama nilivyojifunza pale, nikisikia sentensi yangu ikijikwaa mdomoni mwa mtu.

Mama wa mikate alileta kurasa za mafuta, zenye harufu ya kuvutia, na hadithi yake kuhusu sajini wa jikoni ambaye majenerali wote wanamwogopa kwa sababu anajua nani alikula nini siku gani. Tulicheka mpaka wateja wakachungulia. Mwalimu alileta kitabu chake cha shule, cha vipande vilivyochaguliwa, kurasa mbili za huyu na tatu za yule. Alikiri hakuwahi kusoma riwaya nzima hata moja. Utamu, alisema, uko kwenye vipande. Na yeye mwenyewe aliandika mianzo tu. Miezi yote ile alituletea mianzo sijui mingapi, yote asubuhi, yote ukungu, na mtu anatembea barabarani. Mama wa mikate aliuliza siku moja, "Huyu papa, atafika lini?" Mwalimu alicheka, lakini masikio yake yalibadilika rangi.

Mimi nilileta kitabu changu kisicho na jalada. Nilikinunua Kalemie kwa mfanyabiashara aliyevuka ziwa, riwaya ya Kiswahili iliyochanika mwishoni, imebaki bila kurasa za mwisho. Nimekisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote. Watu wa ndani yake bado wako hai kwangu, kwa sababu sijui kilichowapata. Mwalimu alikipenda. Na alizipenda zaidi kurasa za makaye yangu. Alizisoma hivi kwamba mimi mwenyewe nilitaka kujua zinakwenda wapi.

Jumamosi moja mvua ilinyesha na mama wa mikate hakuja. Tulikuwa wawili. Mwalimu alisoma ukurasa wa mwanamke akiwa chini, kwenye mawe, na mtoto anagonga kioo. Alipomaliza aliweka karatasi mezani akasema, "Mon cher, rafiki yangu, hii ulitoa wapi?"

Nikamwambia. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote, hata wanawake niliowahi kuishi nao. Nikamwonyesha reli kupitia dirishani: hapa hapa. Nikamwambia kuhusu bibi, kwamba alimwona akianguka, kwamba namngojea akumbuke yaliyobaki. Mwalimu alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Hii itabaki kati yetu na meza hii," alisema. Halafu akaomba kuchukua kurasa nyumbani. Zilikuwa nzito, alisema, zilihitaji sauti ijizoeze kwanza. Nikampa. Jumamosi iliyofuata alizirudisha safi, ndani ya mfuko wa plastiki. Nikampa nyingine. Ikawa mazoea.

Kiangazi kile kazi yangu iliongezeka. Redio zilizolala kabatini miaka mingi zilitolewa, zikafutwa vumbi, zikaletwa kwangu, na kila mtu aliitaka yake kabla ya Jumapili saa kumi. Nilidhani ni mpira. Sikuuliza. Jumapili mimi huwa natembea, nafuata reli hadi nje ya mji ambako hakuna kelele, narudi jua likishuka. Na Jumamosi mwalimu alinisukuma zaidi kuliko zamani: "Umeleta? Leta basi. Ule mwanamke bado iko chini ku majiwe? Wiki ya tatu hii!"

"Bado," nilijibu. "Mwenyewe sijui anainukaje."

"Muinue tu!"

Jumapili moja nilikuwa nafunga mlango niende kutembea, nikamwona bibi anakuja. Yeye ambaye hakutembea mbali, alikuwa amejikokota hadi kwangu na fimbo, redio imefungwa mgongoni kwa kitambaa kama mtoto mchanga.

"Imekufa asubuhi," alisema, akihema. "Nisaidie, mutoto yangu. Leo njo mwisho."

"Mwisho wa nini?"

"Tengeneza kwanza!"

Ningemkatalia mtu mwingine, yeye nisingeweza. Nilimpa kiti, nikafungua redio. Waya mmoja ulikuwa umekatika pale kwenye betri, jambo la dakika kumi. Niliuchomea, nikapuliza, nikawasha, nikazungusha kutafuta ile redio ndogo ya mjini. Sauti ikatoka wazi kabisa.

"Maji yalikuwa bado baridi ndani ya bidoni wakati behewa la mwisho lilipompita."

Nilidhani naota. Sentensi ile niliiandika Dilolo, nikaifuta, nikairudisha Kamina. Nilijua koma zake. Na sauti niliijua.

"Njo yeye!" bibi alisema, akanipiga mkono uliokuwa bado kwenye kifungo. "Acha hapo hapo, usiguse tena!"

Tulisikiliza. Mwalimu alisoma ukurasa wangu hadi mwisho wake, hadi pale mawe yanapochoma magoti, pale kaye langu liliponyamaza. Nikangoja naye anyamaze. Hakunyamaza. Alivuta pumzi na kuendelea. Mwanajeshi wa Base aliyekuwa amesimama kando ya reli aliokota bidoni. Mwanamke alimtazama. Kumbe walikuwa wanajuana, kumbe kiu ya mtoto ilikuwa kisingizio tu, kumbe hakuanguka, alijiangusha ili asiwahi. Akafuta magoti yake, akacheka, akapanda nyuma ya lori la jeshi. Hakugeuka.

Muziki ukapigwa. Mtangazaji akamshukuru mwalimu, mwandishi wetu, mtoto wa nyumbani, kwa hadithi iliyotuweka miezi miwili masikio wazi.

Bibi alitikisa kichwa, akapiga ulimi. "Mwanamuke mubaya. Kuacha mutoto juu ya mwanaume."

Nilimfungia redio mgongoni, nikamsindikiza hadi kwake. Sijui kwa nini nilikumbuka kumwambia asiiweke juani.

Nilimkuta mwalimu kwake jioni ile ile, sebuleni, kwenye viti vyenye vitambaa vyeupe vya kushonwa. Alikuwa na wageni wawili wa kanisa waliokuja kumpongeza. Aliponiona alisimama, akawaambia wageni, "Huyu njo fundi, rafiki yangu, yeye pia anajaribu kuandika." Wakanipa mkono. Walipoondoka nilimuuliza swali moja tu, kama alikuwa amesahau yule mwanamke ni nani.

"Sikutaja jina," alisema.

"Hata mimi sikutaja."

"Basi unaona! Nani atajua? Iko hadithi." Alikaa, akasimama tena. "Nilisoma mara moja tu, waliniomba kitu cha dakika kumi. Bantu bakapenda. Bakanisimamisha mu njia: halafu? Halafu? Mama Pasteri mwenyewe: halafu? Weye unaniletea ukurasa mumoja kwa wiki tatu, mwanamke iko tu chini. Ningewaambia nini? Emisyo, kile kipindi, ilikuwa inafungwa. Ilibidi iishe."

"Na mwanajeshi umemtoa wapi?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Hilo ndilo siwezi kusahau, kwamba ulikuwa wa kweli. "Mwanamke amepotea Kamina, mon cher. Ataenda wapi tena? Kila muntu hapa anajua. Ni Base."

Nikamwambia alikuwa amenipa neno lake, yeye na mikono yake miwili. Alinyoosha kitambaa cheupe cha kiti. Halafu akasema, kwa ile sauti, polepole, "Maisha yangu yote nimesoma za wengine. Mara hii walifikiri ni yangu, na minyi... nilishindwa kuwakatalia." Kama angeishia hapo, huenda ningemsamehe siku fulani. Lakini aliongeza: "Na useme kweli, mwisho umekaa vizuri, hapana?"

Asubuhi nilikwenda kwa mama wa mikate. Alikuwa ananawa mikono, hakunitazama.

"Weye ulijua," nilisema.

"Tangu Jumapili ya pili," alijibu. "Kule mu kambi tunasikiliza wote. Kwanza nilifikiri mumepatana. Halafu nikaona weye haujui, kila Jumapili uko unatembea na reli yako."

"Na ukanyamaza."

"Nilitaka kujua mwisho!" Aliinua uso, alikuwa na machozi ya hasira. "Weye unachana, unachana, kila Jumamosi unachana. Minyi nauza mikate, nataka kujua ule mama alifika wapi. Nzambe! Kumbe mwisho wenyewe njo ule. Kila mwanamuke mwenye kupotea banaweka kwetu mu Base, kama sisi tuko shimo. Nilizima redio. Nilimutukana peke yangu mu nyumba mpaka jirani akagonga."

Yeye nilimwambia sasa, mbele ya mafuta yanayochemka, kwamba yule alikuwa mama yangu. Alikaa chini kwenye gunia la makaa. Mikate iliungua. Watu walikuwa wakipita wakiuliza kulikoni.

Pamoja na yote hayo, nilikuwa bado na kitu kimoja. Nilijiambia, achukue hadithi, achukue sifa. Bibi yupo. Siku moja atakumbuka, na nitajua.

Matanga yalikuja, ndugu yake wa Mulongo akafika na samaki wa kukaushwa, wakakaa pamoja siku nne. Siku ya tano bibi alituma niitwe. Alikuwa amefurahi. Alikuwa amenitengea kiti.

"Nimekumbuka," alisema. "Ile mwanamuke yako wa kitenge ya kijani. Kulikuwa soda mumoja, mwanajeshi, pale ku reli. Aliokota bidoni. Bakajuana bale. Akapanda lori."

Ndugu yake aliitikia kwa kichwa. Ndiyo, lori. Ndiyo, alicheka.

Nilipiga magoti mbele yake. "Bibi, hii ulisikia kwenye redio. Ni mwalimu. Mimi nakuuliza ulichokiona."

Alifikiri. Naapa alifikiri kwa uaminifu wote, macho yamefungwa, mkono umeshika fimbo. Niliona anatafuta kule nyuma, na niliona anakuta nini.

"Kwanza uliniambia alikimbia," nilisema. "Alikuwa anaita mtoto. Akaanguka."

"Alijiangusha," alisema kwa upole. "Mutoto yangu, kusikia na kukumbuka, ku umri yangu iko kintu kimoja. Lakini lori ninaliona. Lilikuwa na matope ku magurudumu."

Matope mwalimu hakuyataja. Yalikuwa yake mwenyewe, bibi. Mpaka leo sijui kama ni ukweli uliovuja hapo, au kama hivyo ndivyo mtu anavyoivika nguo hadithi ya wengine ikawa yake. Niliuliza wengine, wale wachache waliokuwepo gare miaka ile. Mzee mmoja aliyekuwa akipungia treni bendera alianza: "Ee, ile ya mwanajeshi!" Mwingine alisema shangazi yake alimfahamu, alizaa na yule soda watoto wanne, wakahamishiwa mbali. Kila mlango niliogonga mwalimu alikuwa ameshaingia kabla yangu, na sauti yake nzuri, akakaa.

Nilijaribu kuandika mwisho wangu. Niliuandika haraka, bila kuchana: anaanguka, anainuka na goti linalotoka damu, anakaa gare siku tatu, anapata homa. Nikampa mama wa mikate ausome kwa sauti, kwa sheria yetu. Alisoma vizuri. Alipomaliza alisema, "Iko nzuri, yaya, ndugu yangu." Kisha, kwa aibu, "Lakini bantu batasema umeiba ya mwalimu, umebadilisha."

Kuna jambo jingine, na ni lazima niliandike kwa sababu ni dhidi yangu. Nilipoyasoma makaye yangu toka mwanzo, nilikuta kuanguka kwenye mawe katika ukurasa ambao rangi ya wino wa biki yake ni ya Moba, miaka mitatu kabla sijamwona bibi. Je, bibi aliniambia ameanguka, au nilimuuliza, bibi, alianguka? Siku ile sikuandika maneno yake. Nilikuwa nimeshika ukuta, na furaha. Sasa ninapomsikia akilini akisema "aliangukia pale ku majiwe", siwezi kuapa kwamba sauti si yangu.

Nilifunga kibanda wiki iliyofuata. Redio zilizokuwa tayari nilizirudisha kwa wenyewe, zisizotengenezeka nilimwachia mama wa mikate auze vipande vyake. Mwalimu hakuja kuniaga. Nilimwona kwa mbali, akivuka kwenda shule na watoto wakimfuata wakimwita "Soda", yule mwanajeshi wa hadithi yake, naye akiwapungia. Nilimwachia mama wa mikate kitabu changu kisicho na jalada. Nilimwambia asifungie mikate.

"Ile apana," alisema. "Sijaimaliza."

"Haina mwisho."

"Najua. Njo maana."

Treni ya kwenda Lubumbashi ilisimama Kamina toka asubuhi. Nilipata nafasi upande wa gare, upande niliokaa nikiwa na miaka minane. Kulikuwa na joto na watu walikaa miguu nje ya milango. Karibu na saa tisa kengele ilipigwa, na mimi, ambaye sipendi kushuka, nilichukua chupa nikashuka.

Nilitembea hadi bombani, hatua mia na kumi. Nilipanga foleni nyuma ya wanawake wawili. Nilijaza chupa. Injini ilipiga honi, mabehewa yakavutana moja baada ya jingine na ule mlio wa chuma, na nikasimama pale bila kusogea, nikiihesabu pumzi yangu, hadi behewa langu lilipokuwa limekwishanipita. Ndipo nilipokimbia.

Treni ile iliondoka polepole. Nilikuwa nimekwisha kuiona ikiondoka mara nyingi toka dirishani mwa kibanda, lakini kutoka dirishani huwezi kupima kama mtu aliyeachwa nyuma anaweza kuiwahi. Nilikimbia kama mtu anayekimbilia mvua isimpate, hata siyo kwa nguvu zote, mwanaume wa miaka zaidi ya arobaini aliyeshika chupa. Mawe yalihama chini ya viatu vyangu, sikuanguka. Nilishika chuma cha mlango, mkono wa mtu ukanivuta, nikawa ndani.

"Weye papa!" alisema mwenye mkono, mama mnene mwenye mtoto mgongoni. "Ulitaka kubaki?"

"Apana, mama. Nilikuwa napima."

"Unapima nini?"

Nilikuwa bado nahema. Gare ilikuwa inapita, ukuta wa kibanda changu, sufuria la mikate lenye moshi, wanawake wawili wa bombani wakinicheka. Nilimpa chupa mtoto wake, ambaye alikuwa amenyoosha mkono, na akanywa.